Kijana Mweusi na Muziki: Habari za Chicago

(Haya ni maelezo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa umma.)



Liko swali ambalo huulizwa kila wanapotajwa wanamuziki weusi wa Marekani. Ni kitu gani kinachomvuta kijana mweusi aache kazi nyingine zote, ashike tarumbeta au saksafoni, na kuifanya kuwa ndiyo riziki yake? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba muziki umo katika damu yake. Husemwa hivyo kwa nia ya kusifu, na hata watu weusi wenyewe wamepata kuipokea sifa hiyo kwa furaha. Lakini ni sifa yenye sumu ndani yake. Anayesema kwamba mtu mweusi amezaliwa na muziki amekwisha kusema pia, bila ya kutamka, kwamba hakujifunza; na kama hakujifunza, basi hapana haja ya kumjengea shule, wala kumpa mwalimu, wala kumlipa kama fundi anavyolipwa. Ndege halipwi mshahara kwa kuimba.

Yafaa basi jibu hilo la damu liwekwe kando, na utazamwe mji mmoja ambao umetoa wanamuziki weusi wengi kupita kiasi, nao ni Chicago. Tangu mwaka 1916 hivi hadi kufikia mwaka 1970, watu weusi wapatao milioni sita waliyahama majimbo ya kusini ya Marekani na kwenda kaskazini na magharibi. Walikimbia kilimo cha nusu kwa nusu, ambacho mkulima alimaliza mavuno akiwa na deni kubwa kuliko alilokuwa nalo wakati wa kupanda. Walikimbia kunyimwa kura, na walikimbia kuuawa na makundi ya wazungu bila ya kesi wala hukumu. Walioshukia Chicago walipata kazi katika machinjio, viwanda vya chuma na nyumba za matajiri. Mahali pa kukaa walipewa pamoja tu: upande wa kusini wa mji. Wenye nyumba wa kizungu walikuwa wametiliana sahihi mikataba ya kutomwuzia wala kumpangisha mtu mweusi, na mikataba hiyo ililindwa na mahakama mpaka mwaka 1948, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotamka kwamba hakuna mahakama inayoweza kuitekeleza.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Kwa kuwa mtu mweusi hakuruhusiwa kuishi kwingine, hata akiwa na fedha, basi daktari, mwalimu, mchinjaji, dobi na mpiga piano walijikuta wote katika mtaa mmoja. Mtoto wa dobi alimwona mpiga piano akitoka nyumbani jioni, amevaa suti iliyopigwa pasi, anakwenda kazini. Hakumwona katika picha wala hakumsikia katika santuri peke yake. Alimwona akipita mbele ya mlango wao. Haya hayasemwi kwa kuushukuru ubaguzi. Husemwa kwa sababu ndiyo hali iliyokuwako, na kwa sababu inaonyesha kwamba kijana huanza kutamani kazi pale anapomwona mtu anayefanana naye akiifanya kwa heshima.

Mmoja wa watoto hao aliitwa Nathaniel Coles. Alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, na wazazi wake wakahamia Chicago akiwa bado mdogo sana. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na mama yake, Perlina, alipiga kinanda kanisani na ndiye aliyemfundisha mwanawe piano. Usiku kijana huyo alitoroka na kusimama nje ya kumbi za dansi ambazo umri wake haukumruhusu kuingia, apate kumsikiliza Earl Hines kupitia ukutani. Dunia ilikuja kumfahamu kwa jina la Nat King Cole. Yafaa kuhesabu ni walimu wangapi alikuwa nao kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano: mama, kanisa, ukuta wa ukumbi wa dansi, na shule.

Kanisa lilikuwa na sehemu kubwa, na asiyekuwa Mkristo naye aweza kulielewa jambo hili kwa upande wake wa kazi. Mtoto aliyesimama mbele ya watu mia tatu akaimba peke yake akiwa na umri wa miaka minane, akakosea, akasikia wazee wakimtia moyo aendelee, hawezi tena kuogopa jukwaa. Thomas Dorsey, ambaye kabla ya hapo alikuwa mpiga piano wa nyimbo za bluzi, alianza kuongoza kwaya ya nyimbo za injili katika kanisa la Pilgrim Baptist, Chicago, mwaka 1932. Mahalia Jackson, aliyefika mjini kutoka New Orleans mwaka 1927 na kufanya kazi ya kufua nguo za watu, alikuzwa na makanisa hayo. Hakuna aliyedai ada, na hakuna aliyetakiwa cheti ndipo aimbe.

Lakini kanisa peke yake lisingetosha, na hapa ndipo walimu waliomo katika mkutano huu wanapoombwa wasikilize kwa makini.

Katika mtaa huo wa kusini ilikuwako shule ya sekondari iliyoitwa Wendell Phillips. Mwaka 1931 ilipata mwalimu wa muziki jina lake Walter Dyett. Alizaliwa mwaka 1901 huko St. Joseph, Missouri, na alipata kusoma katika Chuo Kikuu cha California. Alikuwa mpiga fidla, na alipiga katika orkestra ya Erskine Tate, katika ukumbi wa sinema wa Vendome, siku zile ambazo filamu hazikuwa na sauti na orkestra ndiyo iliyotoa sauti hiyo. Baadaye aliongoza bendi ya kikosi cha nane cha askari wa akiba wa Illinois, kikosi cha watu weusi, na huko ndiko alikopata cheo cha Kapteni, kilichomfuata maisha yake yote. Mwaka 1935 ilifunguliwa shule mpya, ambayo mwaka uliofuata ilipewa jina la DuSable, kwa kumkumbuka Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi mfanya biashara ambaye ndiye mkaazi wa kwanza wa kudumu wa Chicago asiyekuwa Mhindi Mwekundu. Kapteni Dyett alihamia hapo, akafundisha hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Waliopita mikononi mwake ni vigumu kuwataja wote. Gene Ammons, Johnny Griffin, Von Freeman, Clifford Jordan, Eddie Harris na John Gilmore wa saksafoni. Julian Priester wa tromboni. Richard Davis wa besi. Dorothy Donegan wa piano. Johnny Hartman mwimbaji. Shule moja ya serikali, katika mtaa wa makabwela, mwalimu mmoja. Atakayesema kwamba hiyo ni damu, na aeleze kwa nini damu hiyo ilichagua jengo moja.

Kapteni Dyett hakuwa mtu mpole. Wanafunzi wake wamesimulia kwamba aliweza kuisikia bendi nzima ikipiga na kumwonyesha kwa kidole yule mmoja aliyekosea, na kwamba aliyechelewa, aliyevaa vibaya au aliyepuuza masomo mengine alifukuzwa kwenye bendi, kisha akarudishwa alipojirekebisha. Hakuwafundisha jazi peke yake. Kulikuwa na bendi ya gwaride, bendi ya maonyesho na bendi ya dansi, na mwanafunzi alitakiwa asome noti za muziki wa kila namna, wa Ulaya na wa kwao. Kila mwaka walitayarisha onyesho kubwa lililoitwa Hi-Jinks, lenye nyimbo, michezo na dansi, ambalo wazazi walinunua tikiti kuliona, na mapato yake yaliusaidia mfuko wa muziki wa shule. Basi kijana aliyemaliza hapo alikuwa amekwisha kuonja kazi yenyewe: kufika kwa saa, kusoma karatasi ngeni papo hapo, kumtii kiongozi wa bendi, na kusimama mbele ya watu waliolipa fedha zao.

Habari za Johnny Griffin zinaeleza jambo hili vizuri kuliko nadharia. Alizaliwa Chicago mwaka 1928. Siku ya mahafali ya shule yake ya msingi iliitwa bendi ya King Kolax kuja kuwaburudisha, na katika bendi hiyo alikuwemo kijana mmoja wa mtaa ule ule, Gene Ammons, akipiga saksafoni ya tena. Griffin alisimulia baadaye kwamba alipomwona na kumsikia alijua pale pale atakalolifanya duniani. Zingatieni kwamba aliyemwasha moto hakuwa bingwa wa mbali. Alikuwa kijana aliyemzidi miaka michache tu, tena aliyetoka katika mikono ya Kapteni Dyett. Griffin alikwenda DuSable akitaka saksafoni ya tena kama ile. Mwalimu akamtazama, akaona umbo lake dogo, akampa klarineti. Kijana alisononeka, lakini akajifunza klarineti, akajifunza obo, akajifunza saksafoni ya alto. Siku tatu baada ya kumaliza shule, mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, alijiunga na bendi ya Lionel Hampton, mojawapo ya bendi kubwa za nchi nzima. Huko sasa alitakiwa apige saksafoni ya tena, na alikuwa tayari.

Na huyo Hampton mwenyewe alitoka wapi? Alikulia Chicago hiyo hiyo, akajifunza ngoma katika bendi ya vijana wauza magazeti wa Chicago Defender, gazeti la watu weusi lililoanzishwa mwaka 1905. Gazeti lilikuwa na bendi! Mwalimu wa bendi hiyo, Meja N. Clark Smith, ndiye aliyefundisha muziki katika shule ya Wendell Phillips kabla ya Dyett. Basi mwanafunzi wa Meja alimwajiri mwanafunzi wa Kapteni. Hivyo ndivyo kazi ya muziki ilivyorithishwa katika mji ule, kutoka kwa mzee hadi kwa kijana, kama ufundi wa seremala.

Lakini si kila mlango ulikuwa wazi, na hapa habari yenyewe inageuka kuwa chungu. Richard Davis, aliyezaliwa mwaka 1930, alianza kupiga besi kwa Kapteni Dyett akiwa na miaka kumi na mitano. Alijifunza muziki wa orkestra za Ulaya, akaumudu, akaupenda. Orkestra kubwa za Marekani siku hizo hazikumwajiri mtu mweusi. Davis akaenda kwenye jazi, akawa mmoja wa wapigaji besi wakubwa wa karne yake, na miaka ilipopita yeye huyo huyo akaitwa kupiga chini ya uongozi wa Igor Stravinsky na Leonard Bernstein. Ron Carter wa Michigan, aliyeanza na selo akiwa mtoto wa miaka kumi, alikutana na ukuta huo huo, akaingia katika jazi kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu anapowahesabu vijana weusi waliochagua jazi hana budi kuuliza ni wangapi waliochagua, na ni wangapi waliosukumwa. Jazi ilipata faida kubwa. Waliosukumwa wana haki ya kuulizwa kama nao waliiona kuwa ni faida.

Hata katika chama chao cha wafanyakazi rangi ilitenganisha. Wanamuziki weusi wa Chicago, walipokataliwa na tawi la wazungu, waliunda tawi lao, namba 208, mwaka 1902. Likawa na nguvu, likawatetea wanachama wake katika mishahara, na halikuunganishwa na lile la wazungu mpaka mwaka 1966.

Wako waliougonga mlango mpaka ukafunguka, na kila mmoja aliyepita aliwaachia wengine ufa. Marian Anderson, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1897, alikataliwa na shule ya muziki ya mji wake kwa sababu ya rangi yake. Waumini wa kanisa lake walichanga fedha za kumlipia mwalimu. Mwaka 1936 alikwenda kuimba Jackson, Mississippi. Mama mmoja mkunga wa mji wa Laurel alimpandisha basi binti yake wa miaka tisa wakaenda kumsikiliza. Binti huyo alikuwa Leontyne Price. Miaka mitatu baadaye, mwezi Aprili 1939, Marian Anderson alinyimwa ukumbi mjini Washington kwa ajili ya rangi yake, akaimba nje, mbele ya sanamu ya Lincoln, wakamsikiliza watu wapatao 75,000. Mwaka 1955 akawa mwimbaji mweusi wa kwanza kuimba katika jukwaa la opera la Metropolitan, New York, akiwa na umri ambao sauti imekwisha kupita kilele chake. Mwaka 1961 aliingia Leontyne Price katika jukwaa hilo hilo, sauti yake ikiwa katika ubora wake wote, na watu walipiga makofi kwa zaidi ya nusu saa.

Ufa huo haujawa mlango mpana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 na umoja wa orkestra za Marekani ulionyesha kwamba mwaka 2014 wapigaji weusi katika orkestra za nchi hiyo walikuwa asilimia 1.8. Katika nchi ambamo watu weusi ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi, tarakimu hiyo haielezeki kwa kipaji.

Fedha nayo haina budi kutajwa, maana wako wanaodhani kwamba kijana huufuata muziki kwa tamaa ya utajiri. Hapana shaka tamaa ipo. Mtoto wa mfanyakazi wa machinjioni alipomwona Nat King Cole na motokaa yake hakuhitaji kuelezwa zaidi. Lakini wazee wa kazi walijua pia mambo mengine: makampuni ya santuri yaliyochukua wimbo kwa malipo ya mara moja na kuvuna miaka thelathini; mikataba ambayo kijana aliisaini bila ya wakili. Huyo Cole mwenyewe, mwaka 1956, alipigwa na wazungu akiwa jukwaani Birmingham, Alabama, na mwaka huo huo alipopewa kipindi chake katika televisheni, hakuna kampuni kubwa iliyokubali kukidhamini kwa nchi nzima. Kikafa mwishoni mwa mwaka 1957. Sam Cooke, naye mtoto wa Chicago na mwanafunzi wa Wendell Phillips, alilielewa somo hili mapema, akaanzisha kampuni yake ya kuchapisha nyimbo na nyingine ya santuri, ili jasho lake libaki mikononi mwake. Aliuawa mwaka 1964 akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Siku hizi hutolewa hoja kwamba shule za Marekani zilipopunguziwa walimu wa muziki, vijana weusi hawakunyamaza, bali walichukua mashine za santuri za wazazi wao na kuzaa hiphop. Ni hoja tamu, lakini tarehe zinaipunguza nguvu. Dansi ya DJ Kool Herc inayotajwa kuwa chanzo cha hiphop ilifanyika Bronx tarehe 11 Agosti 1973, na msukosuko wa fedha uliosababisha jiji la New York kuwaachisha kazi walimu wengi ulikuja mwaka 1975. Herc hakuwa akingojea bajeti. Mwenye wizara inayotafuta mahali pa kupunguza matumizi angefurahi sana kusikia kwamba ukimnyima mtoto ala atabuni nyingine. Basi asipewe furaha hiyo bure. Kwa kila Herc mmoja wako mamia ambao hawakubuni chochote, na majina yao hayapo popote.

Kapteni Dyett alifariki mwaka 1969. Mwaka 1972 shule moja ya upande wa kusini wa Chicago ilipewa jina lake. Mwaka 2012 wakuu wa elimu wa mji waliamua kwamba shule hiyo ifungwe hatua kwa hatua, wasipokewe wanafunzi wapya, mpaka imalizike mwaka 2015. Sababu zilizotolewa ni matokeo mabaya ya mitihani na upungufu wa wanafunzi. Wazazi walijibu kwamba shule inayonyimwa walimu na vifaa mwaka baada ya mwaka haiwezi kutoa matokeo mengine. Walipeleka barua, walikwenda mikutanoni, walitayarisha mpango wao wenyewe wa shule. Mwezi Agosti 2015 watu kumi na wawili, wazazi, mabibi na wanaharakati wa mtaa, waliketi nje ya shule wakaanza kugoma kula. Waligoma siku 34, na baadhi yao walipelekwa hospitali.

Shule ilifunguliwa tena mwaka 2016. Lakini liko jambo moja ambalo taarifa nyingi hulipita haraka. Mpango wa wazazi ulikuwa wa shule ya uongozi na teknolojia ya mazingira. Wakuu wa mji walipolegea, mgomo ukiwa bado unaendelea, walitangaza kwamba itakuwa shule ya sanaa. Wagomaji hawakusimama siku hiyo. Waliendelea kukaa na njaa zaidi ya wiki mbili, wakisema kwamba hawakuulizwa.